Maji ya mfereji yameua kamba wangu, nitie klorini, mrututu au Dettol?

Swali limetoka kwa kijana wa Wete, Pemba, nimelifupisha kidogo: "Asalaam aleikum mwalimu. Nafuga kamba wa maji baridi, wale wa mtoni, kwenye tangi la saruji la lita kama 3000, na konokono kidogo humo humo wanakula uchafu. Maji ni ya mfereji, nayaweka kwanza kwenye simtanki usiku mmoja ndo nayahamishia kwa kamba. Juzi nimebadilisha kama nusu ya maji, asubuhi yake nakuta wengi washakufa, miili imekuwa myeupe, na waliokuwa wametoka kujivua gamba ndo wa mwanzo kufa. Jirani anasema maji yana maradhi nitie klorini, mwengine anasema mrututu, na dukani wananambia Dettol kidogo haina neno. Ipi salama kwa kamba?"

Wa alaykum salaam ndugu yangu, na pole sana. Nikujibu moja kwa moja: hakuna. Katika hizo tatu hakuna hata moja ya kutia kwenye maji ambayo kamba na konokono wamo ndani. Na kwa ulivyoeleza mwenyewe, mi nnavyoona hao kamba wako washauliwa na dawa tayari, klorini ile ile ya kwenye mfereji, sasa jirani anakwambia uwaongezee.

Ngoja nieleze kwa nini nasema hivo, mana wengi wanaona maji nnayokunywa mie na watoto wangu yatamdhuru vipi kamba. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapofika kwenye mfereji wa mtu yawe bado yana klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita, na kule yanakotibiwa, baada ya nusu saa, isipungue 0.5. Hicho ni kiwango kizuri kwa binaadamu, na kukiwa na kipindupindu kinapandishwa na ndo inavyotakiwa. Sasa tazama upande wa pili, Marekani mamlaka yao ya mazingira kiwango walichoweka kuwalinda viumbe wa maji baridi ni miligramu 0.019 kwa muda mfupi na 0.011 kwa muda mrefu. Yaani maji ya mfereji yaliyo sawa kabisa kwako wewe yana klorini mara kumi na zaidi ya ile wanayoiogopa wao kwa viumbe wa mtoni. Wewe ukiyanywa, klorini inaishia kwenye mate na chakula cha tumboni, haifiki popote. Kamba maji yanapita kwenye matamvua yake dakika zote, usiku na mchana, na matamvua ni ngozi nyembamba mno, klorini inaichoma hapo hapo. Aliejivua gamba ndo zaidi, gamba jipya bado laini, anavuta maji ndani ajaze mwili, kila kilichomo majini kinaingia nae. Ndo mana wako wa mwanzo kufa walikuwa hao.

Sasa utasema lakini mwalimu mie nayalaza usiku mmoja. Hapo ndo penyewe. Simtanki yako ni nyeusi na ina kifuniko, si ndio? Kinachoiondoa klorini ni jua na hewa, na humo ndani hakuna jua wala hewa haipigi, kwa hiyo maji yanalala na klorini yake inalala nayo, asubuhi imepungua kidogo tu. Ungeyaweka kwenye beseni pana au pipa lililokatwa juu, uani, ukatia na pampu ya hewa ikachemsha mchana na usiku mzima, hapo sawa. Bila pampu mpe siku mbili tatu za jua la kweli, si za mvua za masika. Na kama huko kwenu maji yanatibiwa klorini na yana amonia ndani, zinashikana zinakuwa kitu chengine kinachoitwa kloramini, hicho hakitoki kwa jua la siku moja wala mbili, kinakaa.

Usibahatishe, pima. Vile vikopo vya kupimia maji ya swiming puli, vya matone au vidonge, hoteli zote zenye puli wanavyo, mtu akitoka Unguja mwambie akuletee. Viko vinavyogeuza maji manjano na viko vinavyogeuza pinki, chochote sawa. Ila jua kitu kimoja, vile vya puli vimetengenezwa kwa klorini nyingi, kwa hiyo ukiona rangi hata kidogo, hata ya kukisia kisia, hayo maji bado, usiseme mbona rangi yenyewe hafifu. Kwa kamba unataka isiwepo rangi kabisa, na pima klorini yote kwa jumla sio ile huru peke yake, mana ile kloramini nlokutajia kipimo cha huru hakiioni.

Kama huna subira ya kungoja jua ipo thaiosulfeti ya sodiamu, hii inaua klorini papo hapo. Hesabu yake gramu 7 kwa kila gramu 1 ya klorini. Maji ya mfereji yenye 0.5, kwenye lita 1000 yana klorini nusu gramu, unatia gramu 3 na nusu basi, koroga, ngoja kidogo, pima tena. Ukikosa hiyo vitamini C ya unga mtupu nayo inafanya kazi, gramu 2 na nusu kwa gramu 1 ya klorini, lakini sio vile vidonge vya machungwa vya kutia kwenye glasi vikatoa povu, vile vina sukari na rangi na magadi, unawatilia kamba soda.

Kabla hatujaendelea, unajuaje kama kweli ni klorini na sio kitu chengine? Tazama saa na tazama nani kafa. Ikiwa ni hewa imepungua majini, vifo vinakuja alfajiri, mara nyingi wakubwa wanatangulia, na waliobaki unawakuta wamepanda juu kwenye kingo za tangi, ukiwatilia pampu wanarudi. Ikiwa ni maradhi, wanakufa wawili leo, watatu kesho, watano kesho kutwa, wanaacha kula, wana madoa au ukungu. Sumu haina subira, inaua ndani ya saa chache baada ya kuingia maji mapya, wadogo na waliojivua kwanza, na kabla ya kufa wanakurupuka, wanarukaruka, wanagonga ukuta. Wewe umebadilisha nusu ya tangi, asubuhi yake wamelala. Siapi, lakini ningekuwa mie ningeanzia kwenye mfereji. Na konokono wako kama wako hai usiseme basi maji mazuri, konokono akiona maji mabaya anajifungia ndani ya gamba lake anangoja, kamba hana pa kujifungia.

Haya, mrututu. Huu ni shaba, na watu wa samaki wanautumia kweli kwenye mabwawa kuua vijidudu na majani ya kijani, kwa samaki wa magamba kipimo chake kinakwenda na alkali ya maji, kwa hiyo anaekwambia mie nlitia na hawakufa inawezekana kasema kweli ila maji yake sio yako. Tazama birika lako la chai ndani, kama lina ukoko mweupe mgumu basi maji yako yamepita kwenye jiwe la matumbawe, yana chokaa nyingi, shaba ikiingia humo inashikwa makali yanapungua. Kama birika safi halina kitu, maji laini, shaba hiyo hiyo kijiko hicho hicho kinaua kila kitu. Ajabu yake kamba mwenyewe damu yake inabeba hewa kwa shaba, sio kwa chuma kama yetu, lakini haimsaidii, shaba iliyoyeyuka majini inamshika kwenye matamvua. Na konokono ndo usiseme. Mrututu ulikuwa ndo dawa ya kuulia konokono wa kichocho Afrika miaka hiyo, kabla haijaja niklosamaidi. Mtu anaefuga konokono kwenye tangi akatia mrututu kafanya kazi ya bwana afya nyumbani kwake.

Na hapo nikukumbushe kitu kwa sababu umesema kamba wako wa mtoni. Huu mradi wa kuondoa kichocho Zanzibar ulioanza mwaka 2011, Unguja na Pemba, baadhi ya shehia walipuliza hiyo niklosamaidi mabondeni na mitoni kuua wale konokono Bulinus globosus wanaobeba kichocho. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, ila inaua konokono wote na samaki nao. Kwa hiyo kabla hujachota maji au mbegu ya kamba bondeni muulize sheha kama kuna dawa imetiwa karibuni. Na wewe mwenyewe usiingie humo miguu mitupu, hao konokono kama wamo basi kichocho nacho huenda kimo.

Dettol naomba usiisogeze kabisa. Klorini ina uzuri mmoja, inaondoka. Dettol haiondoki. Mna fenoli, mna sabuni, mna mafuta ya msonobari, inashika kwenye plastiki na kwenye saruji, unasuuza unasuuza bado harufu iko, na ikiwa harufu iko basi na dawa iko. Sabuni peke yake, hata ile ya kuoshea vyombo, inavua ute wa kwenye matamvua. Na hapa ntakuuliza swali ambalo watu hawapendi: ile ndoo unayochotea maji ya kamba ndo ile ile ya kupigia deki? Mana nimeona mabwawa mengi yanateketea kwa ndoo. Nunua ndoo mbili za rangi yake, andika KAMBA kwa rangi ya mafuta, mtu asiguse, hata mama mwenye nyumba.

Vile vile dawa ya mbu. Kamba na mbu ni jamaa, wote wana miguu ya vipande vipande na gamba la nje, dawa inayomuua mbu inamuua kamba kwa kiasi kidogo sana kuliko hata samaki. Wakija watu wa kupuliza ukutani funika tangi kwa plastiki, zima pampu ya hewa kwa muda ule mana inavuta hewa ya nje inaitia majini, na maji ya kuoshea ukuta baadae yasielekee huko.

Vitu vyengine utakavyosikia nakupitishia haraka. Pamanganeti, ile ya zambarau, kwenye samaki wanatia kama miligramu 2 kwa lita, kwa kamba na viumbe vidogo nafasi baina ya kutibu na kuua ni ndogo mno, na maji yakiwa machafu uchafu unaila dawa yote, yakiwa masafi inabaki yote kwa kamba, huwezi kukisia. Fomalini wanaitumia kwenye vituo vya kuzalishia kamba kuua vijidudu vinavyoota kwenye gamba, ila inakula hewa ya majini, inadhuru macho na pumzi za mtu, inasababisha saratani, sio ya kuweka kwenye nyumba yenye watoto. Aidini nzuri kwa kuoshea nyavu na mikono. Malakaiti ile ya kijani hapana, hao ni kamba wa kuliwa, imekatazwa kwenye nchi nyingi na inabaki ndani ya nyama.

Sasa utauliza basi klorini haina kazi? Inayo, na kazi kubwa, mie mwenyewe ndo dawa nnayoiamini kuliko zote, lakini tangi likiwa tupu. Dawa ya kuua viini ni ya kutia kabla mnyama hajaingia. Ukishamuweka mnyama ndani umechelewa, mana kijidudu unachotaka kukiua kina uhai mgumu kuliko wake.

Kwa tangi lako fanya hivi. Waliobaki hai wahamishie kwenye maji uliyoyapima. Mwaga maji, toa tope lote, sugua kuta kwa brashi mpaka ule ute uondoke, usiruke hapa mana klorini inapigana na uchafu kwanza, uchafu ukiwa mwingi inaishia huko viini havijaguswa. Kisha changanya Jik ya kawaida, ile isiyo na harufu ya maua wala sabuni ndani. Tazama chupa imeandikwa asilimia ngapi, nyingi zina kama 3.5, maana yake gramu 35 za klorini kwa lita, na angalia tarehe, chupa iliyokaa dirishani dukani inapigwa na jua nguvu yake ishapotea. Mililita 115 kwenye ndoo ya lita 20 unapata kama miligramu 200 kwa lita, pakaza kuta na chini, na mawe na mabomba na nyavu zitie humo, ngoja saa moja, suuza, liache tangi jua likaushe siku mbili. Jua la kukausha ni dawa ya bure na haina hesabu.

Ukitaka kutibu na maji yenyewe, ya kisima au ya bondeni, kabla ya kamba kuingia, lenga miligramu 10 kwa lita. Lita 3000 zinataka gramu 30 za klorini, ni kama mililita 860 za hiyo Jik, au gramu 46 za ule unga wa asilimia 65 wanaotumia kwenye mapuli, uyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, unga kwenye maji na sio maji juu ya unga. Acha usiku mzima. Maji yetu mengi ya jiwe pH yake, yaani kile kipimo cha asidi na alkali, imepita 7.5, na klorini hapo zaidi ya nusu yake inakuwa ile dhaifu, kwa hiyo muda ndo unaolipa. Asubuhi washa pampu ya hewa, wazi kwenye jua, pima kila siku mpaka rangi isitoke, kilichobaki kidogo maliza kwa thaiosulfeti kama nlivyokwambia. Usichanganye Jik na dawa ya choo wala asidi yoyote, inatoa gesi, watu wanakufa kwa hilo. Na maji yenye klorini usiyafungulie yaende mtoni au kwenye mpunga wa mtu.

Kwa wenye bwawa la udongo hapo klorini ni kupoteza pesa, udongo unaimeza. Tumieni chokaa, bwawa likiwa tupu na bado lina unyevu, kama gramu 100 kwa mita moja ya mraba, mwageni chini na kwenye kuta. Inapandisha pH mpaka viini vinakufa. Jaza maji, ngoja pH ishuke chini ya 9 ndo watie wanyama, tangi jipya la saruji nalo vile vile, saruji mbichi inatoa chokaa wiki kadhaa.

Jengine watu wanalisahau, ukisafisha tangi kwa klorini umewaua na bakteria wazuri wanaoila amonia. Tangi linang'aa lakini halina mlinzi. Ukirudisha kamba wote siku moja na chakula kile kile, amonia inapanda na kwenye pH ya juu ndo kali zaidi, utaona vifo wiki ya pili utasema maradhi yamerudi. Rudisha wachache, lisha kidogo sana, wiki tatu nne za mwanzo.

Na kabla hujarudisha hata mmoja, fanya jaribio la ndoo. Chukua maji yale yale, weka kamba wadogo wawili watatu na hewa kidogo, ngoja saa 24. Ukipata viroboto maji, wale wanaorukaruka kwenye madimbwi, ndo bora zaidi, maabara za dunia nzima wanawatumia kupimia sumu ya maji kwa saa 48 kwa sababu wanakufa mapema kuliko wengine. Ndoo nyengine iwe na maji ya zamani ambayo kamba walikuwa wazima, ulinganishe. Wakifa ndoo mbili zote tatizo ni ndoo yako.

Je kipo cha kutia kupambana na vijidudu wakiwemo ndani? Kipo kimoja ninachokikubali, chumvi. Hawa kamba wa jamii ya Macrobrachium watoto wao wanakulia kwenye maji ya mdomoni mwa mto yaliyochanganyika na bahari, yenye chumvi kama gramu 12 kwa lita, kwa hiyo wakubwa gramu 5 wanaihimili, na vijidudu vingi vya maji baridi vinavyoota kama manyoya kwenye gamba haviihimili. Pia inapunguza makali ya naitraiti, ile sumu inayotokana na amonia. Wewe uko Pemba bahari iko mlangoni, fungu moja la maji ya bahari kwa sita ya maji baridi unapata hiyo tano, ila chota mbali na bandari na mbali na mitaro, yachuje, yatibu na uyaondoe klorini kama hayo mengine. Ongeza polepole kwa siku nzima. Konokono watoe kwanza, wao hawaiwezi.

Kwa leo usiku: usibadilishe maji tena zaidi ya robo, na hiyo robo iwe imepimwa. Toa waliokufa wote, simamisha chakula siku moja, pampu isizimwe, na kama maji ya juzi bado yamo tia thaiosulfeti ya kiasi kile. Ikiwa baada ya hapo vifo vinaendelea kidogo kidogo bila maji mapya kuingia, basi nimekosea njia na kuna maradhi kweli, wapeleke ofisi ya uvuvi wakiwa hai wanaoumwa, sio waliooza. Ukiniandikia tena niambie pH ya maji, klorini uliyoipima kwenye mfereji na kwenye simtanki siku ile ile, saa ngapi umebadilisha maji na saa ngapi umekuta wa kwanza kafa.